Usukani wa Atupele

Wenzangu wa chumba cha walimu,

Tangu nirudi mmeniuliza, mmoja mmoja na kwa makundi, ni jambo gani lililomtuma mwanamke wa umri wangu, aliye na nauli, kwenda Kamsamba kwa baiskeli huku mkono mmoja umefungwa kitambaa. Wengine mliuliza kwa kicheko, na kicheko hicho nimekisamehe. Niliwajibu kwa vipande kwa sababu kengele ya kipindi haimsubiri msimulizi. Leo nimekaa, nami nitasimulia kwa mpangilio. Habari za ruhusa na karatasi zake naziacha. Hazimfunzi mtu kitu.

Mdogo wangu Atupele ni mhudumu wa afya wa kijiji, kule bondeni Momba. Kazi yake ni kuzifikia kaya za mbali: kuwapa watoto dawa za minyoo, kuwakumbusha wajawazito kliniki, kutazama nani ana homa na nani amekonda. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye bodaboda akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vibaya, na vidole havikunjiki tena. Hawezi kushika usukani wa baiskeli, na kwa miguu kaya zile hazifikiki ila moja moja, kwa siku nzima ya jua. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia kwa upole kwamba mkutano ujao utamchagua mtu mwingine. Atupele ni mjane asiye na mtoto. Kazi hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi. Aliponipa habari kwenye simu hakulia. Alisema tu, "Dada, watamchagua mwenye mikono."

Tunduma: kamba ya fundi

Fundi Silwimba ana kibanda kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Humwamkia kila mteja kwa Kibemba, kwa kuwa wateja wake wengi hutoka ng'ambo.

"Mulishani, Mwalimu. Baiskeli ya kike hiyo, unafuga au unauza?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku akichokoa gololi kwenye bati la grisi.

"Na mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Kamsamba."

"Sasa mtu aliye Kamsamba nampimaje, Mwalimu? Kwa maombi?"

"Nipime mimi. Tangu utotoni tulikuwa tunaazimana gauni."

Alichukua kamba, akanipima kutoka bega hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na kimo cha kiuno nikiwa nimekaa. Kisha akafanya kazi ambayo sijaona mfano wake mjini hapa. Ule usukani ulionyooka aliung'oa, akaweka mwingine uliokwenda juu na kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe, ili mwendeshaji akae wima, asimwage uzito wake kwenye mikono. Upande wa kushoto alivingirisha mpira wa tyubu, laini na mnene. Upande wa kulia, pasipo na vidole vya kushika, aliweka kihori: kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu, kikatandikwa sifongo, mkono ulale humo kuanzia kiwiko. Nyaya za breki zote mbili alizileta kwenye kishikio kimoja cha kushoto. Mbele akafunga keria ndogo ya sanduku la dawa, na tandiko akalibadilisha kwa pana lenye springi.

"Tayari. Mtumie kwa basi."

"Nani ameijaribu?"

"Si umezunguka nayo hapo sasa hivi?"

"Nimezunguka kwa mikono miwili."

Silwimba alicheka. Mimi sikucheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mtu mwenye mikono mizima hawezi kuapa kwamba chombo kinamfaa asiye nayo. Nilitoa kipande cha khanga mkobani, nikamnyooshea mkono wa kulia.

"Funga."

"Mwalimu, huko mbele kuna mteremko."

"Funga, ukaze."

Nikajiwekea sharti: mkono utafungwa tangu nipandapo asubuhi hadi nifikapo mahali pa kulala, na nitatenda yote kama atakavyotenda Atupele. Niliona ni sharti la haki. Sikujua litanifundisha mambo ambayo hayamo katika baiskeli.

Tunduma hadi Mlowo: pole nisizostahili

Malori ya barabara kuu hayana adabu, lakini madereva wake wanayo. Pale mji wa Mpemba, dereva mmoja aliyekuwa ameegesha akitafuna hindi la kuchoma, aliniona nikiteremka, akaja mbio.

"Pole sana, mama. Ajali?"

"Si ajali. Mkono ni mzima."

Aliutazama mkono, akanitazama usoni, akavunja hindi lake katikati na kunipa kipande. "Kula kwanza," alisema kwa sauti ya kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa. "Hata mimi nilipovunjika mguu nilikuwa nasema ni mzima." Alitaka kuipakia baiskeli juu ya mzigo wake. Nilikataa mara tatu. Hindi sikulikataa, na lilikuwa tamu.

Vijana wa bodaboda hawakuwa na huruma ya namna hiyo, nami kwa kweli nilipumzika kwao. "Mama," mmoja alipaza sauti, "hizo pembe umemkata ng'ombe wa nani?"

"Wa yule aliyekosa adabu," nilimjibu, na wenzake wakamzomea yeye.

Kuhusu chombo chenyewe: mabega hayakuuma kabisa. Mgongo, ambao mnajua hunilaza kila muhula, ulikaa kimya. Lakini kihori kilinichubua ngozi karibu na kiwiko. Pale Vwawa niliazima spana kwa mtu, nikakiinamisha kidogo kuelekea ndani, nikajaza soksi zangu chini ya sifongo. Tangu hapo mkono ulilala kama mtoto mgongoni.

Mlowo nilipokewa na Mama Neema, mwenye nyumba ya wageni, mwanamke wa sala. Aliponiona aliwaita jirani zake wawili, wakauombea mkono wangu ukumbini kabla sijapata nafasi ya kufungua kinywa. Baada ya amina nilisema kweli yote. Waliitikia kwa vichwa kama watu wanaosikia mengine. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikafungua kitambaa, nikaenda bombani kufua. Nyuma yangu nikasikia sinia likianguka.

"Amepona," Mama Neema alisema kwa sauti ndogo. "Anakamua nguo."

Ilinichukua muda mrefu kuukanusha muujiza huo, na sina hakika niliukanusha wote. Nilimwambia kwamba kumsingizia Mungu kazi asiyoifanya ni kosa kama kumnyima sifa ya ile aliyoifanya. Alifikiri, akasema, "Basi maombi yetu yatakuwa yamekwenda kwa huyo mdogo wako." Asubuhi alinifungia mihogo ya kuchemsha, akaukaza mwenyewe ule mkono aliouombea.

Mlowo hadi Itaka: mkono wa kushoto

Toka Mlowo lami unaiaga. Ni vumbi, kahawa, mahindi, na vilima vinavyokuahidi kuwa ni vya mwisho. Nilifika Itaka nimechoka, nikaingia kwa mama lishe aliyekuwa akisonga ugali, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru. Aliponiletea sahani nilinyoosha mkono wa kushoto.

Hakuiachia.

"Mwalimu mzima," alisema, kwa maana nilikuwa nimekwisha kumwambia kazi yangu. "Chakula cha mtu unakipokea kwa kushoto?"

Wateja wakageuka. Nyote mnajua ni mara ngapi nimewarudisha wanafunzi mlangoni kwa kosa hilo hilo. Uso uliniwaka moto. Nilimweleza habari ya Atupele, na kwa mara ya kwanza katika safari yote nikapata mtu aliyeniamini papo hapo.

"Kwa hiyo yeye hutoa na kupokea hivyo kila siku?"

"Hana mwingine."

"Anao. Huo mbovu." Aliweka sahani mezani, akautia mkono wake wa kulia kwenye beseni la unga, ukatoka umejaa unga hadi kifundoni. Kwa mkono wa kushoto akachukua kikombe cha maji, akaninyooshea, na ule wa kulia wenye unga akauegemeza kwenye kiwiko cha kushoto. "Mimi siku nzima mikono yangu iko hivi. Umeona? Wa kushoto unatoa, wa kulia umeusindikiza. Nani atanuna? Adabu haiko kwenye vidole, Mwalimu. Ni kuonyesha kwamba wa kulia nao umekuja."

Nilipokea kikombe kwa namna ile ile, mkono uliofungwa ukiwa juu ya kiwiko. Akatabasamu. "Haya. Sasa kula, ugali unapoa." Maharage yake yalikuwa na nazi, jambo la ajabu kwa milima ile, na aliniongezea bila kuniuliza.

Mteremko: kiungo kimoja

Kushuka kuelekea bonde la Rukwa ni kushuka kweli. Barabara inajikunja, joto linapanda kukulaki, na chini kabisa unaliona bonde limelala kama mkeka. Nilikuwa nikibana breki kwa mkono wa kushoto peke yake, na vidole vilianza kufa ganzi. Ndipo kile kiungo alichotumia Silwimba kuunganisha nyaya mbili kwenye kishikio kimoja kikakatika. Breki zote mbili ziliondoka pamoja.

Sitaipamba hofu. Nilishusha mguu, nikakandamiza kiatu cha kulia kwenye tairi la nyuma hadi nikanusa raba ikiungua. Mwendo ukapungua, haukukoma. Palipotokea tuta la udongo na majani nikalichagua, nikaanguka humo na baiskeli juu yangu.

Nililala nikiangalia mbingu. Fikra yangu ya kwanza haikuwa shukrani, ingawa ilistahili kuwa. Nilifikiri: huyu angekuwa Atupele, na mimi ndiye ningekuwa nimemtumia hiki chombo kwa basi, nikajisifu.

"Mama, umepumzika au umeanguka?"

Alikuwa mtu wa makamo, akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa kupanda mlima.

"Nimeanguka."

"Basi pole. Ungesema umepumzika ningepita."

Jina lake Yona. Aliegemeza mzigo wake kwenye jiwe, akaichunguza baiskeli, akaukuta waya. "Aliyefunga hivi alitaka kurahisisha. Kamba moja kwa ng'ombe wawili." Alikuwa na koleo na waya mnene. Breki ya mbele, alisema, itarudi kwenye kishikio cha kushoto peke yake. Kwa ya nyuma hakuwa na jibu. Nilimwonyesha soli ya kiatu changu iliyoungua.

"Hiki ndicho kilichonipunguza mwendo. Kama kingekuwa cha mpira mgumu zaidi, nacho kikae palepale nyuma ya pedali, kisigino kikisukume."

Yona alitazama soli yangu, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Alikuwa amevaa katambuga, viatu vya tairi la gari. Alikaa chini akavua cha kushoto. "Hiki kimeshika mteremko huu miaka mingi," alisema.

Alikitoboa na kukining'iniza kwa waya mbele ya gurudumu la nyuma. "Njoo ushike hapa nikaze. Mkono huo si unasema ni mzima, umeufunga tu? Fungua."

Nikasita. Nilikuwa nimeapa. Yona alisubiri, koleo mkononi, waya ukimponyoka. Nikafungua. Sharti linalokuzuia kumshikia mwenzako kazi anayokufanyia wewe haliitwi tena uaminifu; ni kiburi kilichovaa nguo zake. Tulimaliza, akanifunga tena, nikajaribu kwenye kipande kifupi cha mteremko, mara nyingi, hadi kisigino kikazoea. Ilisimama.

"Sasa wewe utatembeaje?" nilimuuliza.

"Na mguu."

Hakutaka malipo. Mwishowe alikubali kiatu changu cha kushoto, cha turubai, ambacho hakikuwa kimeungua. Kilikuwa kidogo kwake. Alikata pua kwa kisu, vidole vikachungulia, akakisifu. Mimi nikavaa ndala zilizokuwa mkobani. Tuliachana tukitazamana miguu.

Bondeni: maziwa ya Mama Kulwa

Chini ni nchi nyingine. Mpunga pande zote, jua halina huruma, na ng'ombe ndio wenye barabara. Nilipoishiwa maji nilikata kwenye boma la wafugaji, kaya ya Kisukuma iliyohamia zamani. Mwenye nyumba aliitwa Mama Kulwa, mrefu, mpole wa mwendo, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa lafudhi ya kwao.

"Mwadila," alinisalimu, nami nikaitikia vivyo hivyo. Alinipa kibuyu cha maziwa mgando. Nikakipokea kwa kushoto, mkono uliofungwa ukiegemea kiwiko, kama nilivyofundishwa Itaka.

Aliutazama mkono ulio juu ya kiwiko. "Wewe ulifunzwa na watu. Yule wa dawa hakufunzwa."

"Yupi wa dawa?"

"Wa huko kijijini. Alikuja hapa kwa miguu. Mkono mmoja ameuficha ndani ya khanga, mwingine wa kushoto anamnyooshea mtoto wangu dawa. Mtu anayeficha mkono ameshika nini humo? Baba Kulwa akasema basi, asirudi. Na jirani wakasema hivyo hivyo."

Nilikishusha kibuyu. Kwenye simu Atupele aliniambia habari ya usukani. Hili hakuniambia.

"Ameshika mfupa uliovunjika," nilisema. "Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Ndama alikuja kulamba keria ya baiskeli, Mama Kulwa akamfukuza polepole.

"Hakusema."

"Hasemi. Anaona haya."

"Haya ya nini? Mwambie alete huo mkono tuuone."

Kamsamba: khanga inateleza

Atupele alitoka ndani akikimbia, akasimama ghafla alipoona kitambaa changu. "Umeumia, Dada?"

"Hapana. Nimeufunga tu. Tangu Tunduma."

Nilitarajia acheke, au ashukuru. Uso wake ulikunjamana.

"Unaniigiza?"

Nikaketi kwenye kizingiti. "Sikujua namna nyingine ya kupima," nilisema. "Nilitaka nianguke mimi kwanza. Nimeanguka."

Alizitazama ndala zangu, ile katambuga moja iliyoning'inia, zile pembe, zile soksi kwenye kihori. Alinifungua kitambaa mwenyewe, kwa kushoto na kwa meno, polepole. Kisha akapakua wali na kambale wa mchuzi mzito, tukala, naye alinitolea miiba kama nilivyokuwa nikimtolea alipokuwa mdogo.

Asubuhi alipanda. Alijifunga khanga kama kawaida yake, mkono wa kulia umefunikwa, akaulaza kwenye kihori. Hatua chache, mkono ukateleza, usukani ukapinda. Akajaribu tena. Ukateleza tena.

"Kihori kibovu," alisema.

"Kihori hakina kosa. Khanga inateleza kwenye sifongo."

"Basi weka kitu kingine."

"Weka ngozi."

Tulitazamana. Watu walikuwa wakipita kwenda mashambani. Nilimweleza habari ya mama lishe wa Itaka na unga wake, na neno alilosema Mama Kulwa. Alifungua fundo la khanga begani, akaitupia kwenye keria, na mkono ule mwembamba, uliopinda kifundoni, ukatoka kwenye jua. Aliulaza. Akaenda hadi kwenye daraja la mfereji, akakanyaga katambuga kwa kisigino, akasimama, akageuka, akarudi. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayekwenda kusomewa jina mbele ya shule.

Niliazima baiskeli ya jirani nikamfuata hadi kwa Mama Kulwa. Sikuingia bomani, nilibaki kwenye uzio, mahali pangu. Atupele aliteremka, akafungua sanduku, akatoa kidonge cha mtoto. Alinyoosha mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauleta taratibu hadi kwenye kiwiko, ukatulia hapo. Baba Kulwa alikuwa mlangoni. Mama Kulwa hakukitazama kidonge. Aliutazama mkono, akaugusa kifundoni kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa mguu wa ndama aliyevunjika. Kisha akapokea, kwa mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mbona ulituficha?"

Kwenye mkutano wa kijiji nilikaa nyuma, kwa kuwa si kijiji changu. Mwenyekiti alipouliza nani ataziendea kaya za mbali, kijana mmoja mwenye afya alitajwa. Kisha Baba Kulwa, aliyetoka mbali na ambaye niliambiwa hanyanyuki mikutanoni, akanyanyuka.

"Kwetu aje yule wa baiskeli ya pembe," alisema, akaketi. Wafugaji wengine wakaitikia. Hapakuwa na mjadala zaidi.

Kurudi

Nilirudi kwa basi, mkono wangu ukiwa huru na sina la kuufanyia. Tulipofika kwenye mteremko, ambao sasa ulikuwa mpando, basi lilipunguza mwendo nyuma ya mtu aliyesukuma magunia ya mkaa. Mguu mmoja ulivaa katambuga. Mwingine ulivaa kiatu cha turubai kilichokatwa pua.

Nilitoa mkono wa kushoto dirishani kumpungia, kwa sababu huo ndio uliokuwa upande wa dirisha. Kabla sijafikiri, wa kulia ulikuwa umekwisha kuja wenyewe na kukaa kwenye kiwiko. Yona hakuweza kuachia usukani. Alipiga kengele.